Sarafu yenye upele si bahati

(Mazungumzo ya wiki yaliyotangazwa redioni. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Alhamisi iliyopita, nilipotoka studio baada ya taarifa ya habari ya mchana, nilimkuta kijana mmoja ameketi kwenye benchi la mapokezi, amekumbatia kopo la maziwa ya unga kama mtu aliyebeba mayai. Aliinuka, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia. Akasema yeye ni mvuvi wa dagaa, ametoka Ukerewe, na amenifuata kwa sababu husikia nikizungumzia bei za samaki na mambo ya fedha. "Mzee," akasema, "ninyi watu wa redio mnajua watu. Nitazamie hizi, uniambie nimpelekee nani."

Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu tatu, kila moja imefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Ya kwanza ilikuwa shilingi mia ya kwetu, iliyoota vipele pande zote mbili. Ya pili ilikuwa senti moja ya Marekani ya mwaka 1998, yenye uvimbe mkubwa kama jipu kwenye shavu la Rais Lincoln. Ya tatu ilikuwa kubwa, nyeusi, chafu, imepinda kidogo ukingoni. Hiyo aliikuta kwenye sanduku la marehemu babu yake.

Shilingi mia aliipata kwenye chenji. Lakini ile senti ya Marekani aliinunua. Nilipomuuliza aliinunua kwa kiasi gani, aliinamisha kichwa, kisha akasema: "Laki mbili." Shilingi laki mbili, ndugu msikilizaji, zilizokuwa zimetengwa kununulia betri na taa za kuvulia usiku. Na bila taa, dagaa hawaji.

Aliyemuuzia alimweleza maneno matamu. Kwamba mtambo wa Marekani ulikosea wakati wa kuipiga senti ile, na sarafu iliyokosewa hununuliwa kwa mamilioni. Kwamba Marekani imeacha kupiga senti, hivyo bei itazidi kupanda. Na kwamba hata sarafu zetu za shilingi mia zenye vipele zina soko, atafute nyingi azikusanye.

Leo basi nimeona tuzungumze jambo hili, kwa kuwa kijana huyu si wa kwanza, na nahofu hatakuwa wa mwisho. Tujifunze kutofautisha kasoro iliyotoka kiwandani na kidonda kilicholetwa na kutu. Ni elimu ndogo, haihitaji chuo, na inaweza kuokoa mtaji wa mtu.

Kwanza nikiri kwamba uongo ule ulikuwa na mizizi ya kweli, na ndiyo maana ulimnasa. Ni kweli kwamba Marekani ilipiga senti zake za mwisho za mzunguko mwezi Novemba 2025, baada ya gharama ya kutengeneza senti moja kupita thamani ya senti tatu. Lakini mabilioni ya senti hizo bado yamo mifukoni, kwenye madroo na kwenye vibubu vya Wamarekani, na ni fedha halali kama zamani. Kitu kilichojaa kiasi hicho hakiwi adimu kwa sababu tu kiwanda kimesimama.

Ni kweli pia kwamba zipo sarafu zilizokosewa ambazo huuzwa kwa fedha nyingi. Mfano ambao hutajwa sana ni wa mwaka 1943. Wakati huo wa Vita Kuu ya Pili shaba ilihitajika kwa risasi na mizinga, hivyo Wamarekani wakapiga senti zao kwa chuma kilichopakwa zinki. Kwa bahati mbaya, au nzuri, vipande vichache vya shaba vilivyosalia vilichanganyika na vile vya chuma na vikapigwa chapa ya 1943. Hizo chache ndizo wakusanyaji wa sarafu wanazozililia mpaka leo. Matapeli nao hawakulala. Walichukua senti za kawaida za chuma, wakazipaka shaba, wakaziuza kama zile adimu. Zinakamatwa kwa kitu kidogo sana, nacho ni sumaku. Senti ya shaba haivutwi na sumaku. Ya chuma iliyovishwa shaba huruka na kunasa.

Sasa, ili mtu aweze kusema hii ni kasoro ya kiwanda au siyo, hana budi kujua sarafu inavyozaliwa. Si jambo gumu. Mama anapopika maandazi husukuma donge la unga, kisha hukata viduara kwa mdomo wa glasi. Kiwandani ni hivyo hivyo. Bamba refu la madini hukatwa viduara vitupu, visivyo na picha wala maandishi. Kama sarafu ni ya kuvishwa, viduara hivyo hutumbukizwa kwenye maji ya dawa na kupitishwa umeme, navyo vikapata ngozi nyembamba ya madini mengine. Baada ya hapo ndipo kila kiduara huwekwa ndani ya pete ya chuma, katikati ya mihuri miwili migumu, mmoja juu na mwingine chini. Mtambo ukishuka kwa kishindo kimoja, picha, maandishi na ukingo hutokea kwa mara moja. Sarafu imezaliwa.

Shika mpangilio huo: kukatwa, kuvishwa, kupigwa. Yaliyotokea kabla ya pigo, au wakati wa pigo, ni kasoro ya kiwanda. Yaliyotokea baada ya pigo, hata kama ni dakika kumi baadaye, ni uharibifu. Swali la kuuliza sarafu yoyote ya ajabu ni moja tu: jambo hili lilitokea kabla ya muhuri kushuka au baada ya hapo?

Jibu mara nyingi limeandikwa kwenye sarafu yenyewe. Kama muhuri ulipasuka, madini husukumwa ndani ya ule ufa, na kwenye sarafu utaona mstari mwembamba ulioinuka. Sarafu iliyokwaruzwa na funguo mfukoni ina mstari uliozama, na pembeni mwake madini yamesukumwa kama udongo kando ya jembe. Kama kiduara hakikukaa sawasawa, picha itakaa upande mmoja na upande wa pili utabaki mtupu na laini. Kama kiduara kilikatwa kikamega pembeni kabla ya kupigwa, ukingo wa upande unaotazamana na lile pengo nao mara nyingi huwa hafifu, kwa kuwa madini hayakubanwa vizuri. Lakini aliyekata sarafu kwa mkasi wa bati nyumbani huacha ukingo wa pili ukiwa mzima na imara, na maandishi yamekatwa ghafla kama kichwa cha samaki. Kila tukio huacha alama yake.

Baada ya utangulizi huo, turudi kwenye kopo la kijana wetu.

Tuanze na shilingi mia. Sarafu yetu ya shilingi mia iliingia katika miaka ya 1990; ya kwanza ina tarehe ya 1994, na upande mmoja ina swala wanaokimbia. Wengi huidhani kuwa ni shaba tupu kwa sababu ya rangi yake ya manjano. La hasha. Ndani ni chuma, na juu ni ngozi nyembamba ya mchanganyiko wa shaba na zinki. Hali kadhalika shilingi hamsini yenye kifaru, ambayo ilianza kupigwa mwaka 1996. Usiponiamini, chukua sumaku ya spika ya redio mbovu uisogeze; zote mbili zitanasa. Majirani zetu nao walipita njia hiyo. Uganda, ilipotoa sarafu mpya mwaka 1987, shilingi moja na shilingi mbili zake zilikuwa chuma kilichovishwa shaba. Sababu ni unafuu: chuma ni rahisi kuliko shaba.

Lakini ngozi hiyo ina udhaifu wake. Tazama bati la nyumba yako. Bati nalo ni chuma kilichovishwa, ila kimevishwa zinki. Ukilikwaruza, zinki iliyo jirani na mkwaruzo hukubali kuliwa kwanza, nayo hukilinda chuma kwa muda mrefu. Ni kama kaka anayesimama mlangoni. Shaba haina tabia hiyo. Chuma kikivishwa shaba na ngozi ikatoboka, kisha unyevu ukaingia, madini hayo mawili yanayogusana huanza kufanya kazi kama betri ndogo, na anayeliwa ni chuma kilicho chini. Shaba hubaki salama juu wakati mwenzake anamalizwa. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo inavimba, inainua ngozi, na pale juu kinaota kipele. Kipele kikipasuka hutoa doa la kahawia.

Na sisi watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria tunaisaidia kutu kufanya kazi yake. Maji ya ziwa hayana chumvi, ni kweli, lakini mikono yetu inayo. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi utazame kayabo, yule sangara wa chumvi anayefungwa kwenda Kongo. Mama anapokea sarafu kwa mkono uleule uliotoka kwenye chumvi, anaitia kwenye kipochi cha kitambaa kilicholowa, na jioni inahamia kwenye kopo lililofungwa. Jasho, chumvi, unyevu na giza: kutu ikitaka nyumba nzuri zaidi ya hiyo itajengewa wapi?

Sasa, vipo vipele vya kiwandani? Vipo. Kama kiduara kilikuwa na uchafu au mafuta wakati wa kuvishwa, ngozi haishiki vizuri pale, na hewa iliyonaswa chini yake huinua lengelenge dogo sarafu inapopigwa. Lakini lengelenge la kiwandani lina sifa zake. Ngozi yake ni nzima, laini, ya rangi moja na sehemu nyingine. Haina doa, haina unga, haina ufa. Na haliongezeki, ukilitazama leo na mwakani ni lilelile. Kipele cha kutu kina ukingo wenye mikunjo, kina duara la rangi nyingine kukizunguka, hupasuka, na hukua. Ukikuta vipele kumi vya ukubwa mbalimbali pande zote mbili, vingine vimefunguka na ndani kuna kahawia, usihangaike. Hiyo ni kutu. Shilingi mia ya kijana ilikuwa hivyo hivyo.

Niongeze kwamba hata lengelenge halisi la kiwandani halimtajirishi mtu. Ni kasoro ndogo, ya kawaida, na wakusanyaji wengi huipita bila kugeuka. Kwa hiyo hata yule muuzaji angekuwa msema kweli, bei yake isingekuwa ya kweli.

Twende kwenye sarafu ya pili, ile ya laki mbili. Senti ya Marekani kabla ya mwaka 1982 ilikuwa karibu shaba tupu, uzito wake gramu 3.11. Shaba ikapanda bei, na mwaka huo wakaanza kuipiga kwa zinki, wakaivisha shaba nyembamba sana. Uzito ukashuka hadi gramu 2.5. Katika sarafu nzima, zinki ni asilimia 97.5 na shaba ni asilimia 2.5 tu. Kwa maneno mengine, ni senti ya zinki iliyovaa kanzu ya shaba.

Na zinki, kama tulivyoona kwenye bati, ni mwepesi wa kujitoa mhanga. Ikikaa chini ya shaba na unyevu ukaingia, huliwa haraka kuliko hata chuma. Tena kanzu hiyo wakati mwingine hupasuka siku ileile ya kuzaliwa. Muhuri unaposhuka, shaba hunyooshwa kuzunguka herufi, na mahali pengine huchanika, ikaacha mstari mwembamba wa kijivu kando ya maandishi. Watu huuona mstari huo wakadhani herufi imepigwa mara mbili, kumbe ni kanzu iliyochanika. Kasoro hiyo imejaa tele, wala haina soko. Kazi yake kubwa ni kuwa mlango wa maji.

Nilichukua senti ya kijana nikaisogeza dirishani kwenye jua, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia cha fundi wetu wa mitambo. Lile jipu la shavuni lilikuwa na ufa mdogo juu yake. Nilipoligusa taratibu kwa ncha ya kijiti, likatoa unga mweupe kama chokaa. Huo unga ni zinki iliyokwisha kuliwa. Muhuri wa kiwandani hauwezi kutoa unga. Nikamwonyesha. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole: "Kwa hiyo hii ni kidonda." Nikamwambia, naam, mwanangu, ni kidonda.

Kuna mtego mwingine wa senti hizi ambao ni vizuri kuujua. Huuzwa senti za rangi ya kijivu, na mwuzaji husema kwamba kiwanda kilisahau kuzivisha shaba. Kusahau huko kumewahi kutokea kweli. Lakini mtu pia anaweza kuitumbukiza senti ya kawaida kwenye tindikali, shaba ikatoka. Tofauti iko kwenye picha. Senti ambayo haikuvishwa ilipigwa ikiwa safi, hivyo herufi zake ni kali na uso wake ni laini wenye mng'ao. Iliyooshwa kwa tindikali imeliwa usoni, ina vishimo vidogo vidogo, na herufi zake zimekonda na kufifia. Hapo mizani ya sonara ndiyo hakimu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaokaa jirani na dhahabu hatukosi mtu mwenye mizani ya kupima vipande vya gramu. Ipime sarafu yako pamoja na nzima ya aina ileile. Sarafu iliyoliwa imepungua, na haina pa kuuficha upungufu huo.

Hali hiyo hutokea hata kwa shilingi zetu. Utaletewa shilingi mia nyeupe na kuambiwa imekosa rangi kiwandani. Tazama mahali palipoinuka zaidi: ukingo, na migongo ya swala. Kama weupe uko hapo tu, na manjano yamebaki kwenye mabonde kando ya herufi, basi ngozi imesuguliwa na mikono ya watu, au na msasa wa mtu mmoja.

Imebaki sarafu ya tatu, ile nyeusi ya babu, ambayo kijana aliiweka mezani mwisho, bila hata kuifungua vizuri. Alisema alikusudia kuisugua kwa msasa iwe na sura kwanza. Namshukuru Mungu hakuwa na msasa.

Niliifunua karatasi nikaona taji, chini yake herufi D.O.A., halafu mwaka 1916 na herufi T. Nikaigeuza: heller 20. Ndugu msikilizaji, sarafu hiyo ilipigwa Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliziba njia za bahari, na Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi hii wakaishiwa sarafu. Wakaanzisha upigaji wao wenyewe kwenye karakana ya reli upande wa Tabora. Walipiga heller 5 na heller 20 kwa shaba, na wakapiga rupia 15 za dhahabu yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilikuwa zaidi ya 16,000 kidogo. Kazi hiyo haikudumu, kwa sababu Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora.

Kiwanda cha dharura ni shule nzuri ya kasoro za kweli. Mihuri ilichongwa kwa mkono na kwa haraka, ikachakaa, ikachongwa upya. Ndiyo maana wakusanyaji hutofautisha heller 20 zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na hata hutazama ncha za herufi L kama zimechongoka au zimejikunja. Kwenye sarafu ya kijana, mstari mwembamba ulitoka kwenye taji ukaenda hadi ukingoni. Nilipitisha ukucha, ukakwama: umeinuka. Ule ni ufa wa muhuri, kasoro halali ya kiwandani, iliyozaliwa pamoja na sarafu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Palipopinda ukingoni, hapo sivyo. Hapo maandishi yamepondwa juu yake, maana yake ilikwisha kupigwa chapa ndipo ikagongwa na kitu. Sarafu moja, mambo mawili: moja la kiwandani na jingine la duniani.

Na weusi wake? Sarafu hii haina kanzu. Ni madini mamoja kuanzia juu hadi ndani, hivyo haioti vipele. Inazeeka kwa nje tu, ikawa nyeusi au ya kahawia. Rangi hiyo ni kama mvi za mzee. Ukiisugua kwa msasa, jivu au ndimu, utaondoa mvi na ngozi pamoja, na mnunuzi anayejua kazi yake atashusha bei palepale. Heller 20 za shaba zilipigwa kwa wingi, kwa hiyo nilimwambia kijana asitegemee utajiri. Hata hivyo, kati ya sarafu zake tatu, hiyo pekee ndiyo ambayo mkusanyaji angeweza kuongeza kitu juu yake, na ndiyo ambayo hakulipia hata thumni.

Hapo aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri. "Na laki mbili zangu, mzee?"

Nilimwambia aende kituo cha polisi akaeleze, akiwa na namba ya simu ya yule muuzaji. Alisema simu hiyo haipatikani tangu Jumapili. Nilimwambia aende hivyo hivyo, kwa sababu asiposema, wa pili na wa tatu watakamatwa kwa ndoano ileile.

Tukatoka kwenda kunywa chai kwenye banda la jirani. Wakati wa kulipa kijana alitaka kuchangia, akatoa ile shilingi mia ya vipele pamoja na nyingine. Mama mwenye banda aliitazama, akaisukuma nyuma kwa kidole. "Hii siitaki, mwanangu, ina ukoma." Kijana akacheka, mara ya kwanza tangu nimwone, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Mwezi mzima aliambiwa sarafu hiyo ina thamani ya mamilioni. Sasa anaambiwa haina thamani hata ya mia.

Wote wawili walikosea, ndugu msikilizaji. Sarafu iliyopata kutu kwa matumizi ya kawaida, ambayo bado inasomeka, ni shilingi mia. Haikuongezeka wala haikupungua. Makonda na wenye maduka wanaozikataa wanawaumiza watu wadogo, maana wenye sarafu nyingi zilizochakaa ni wale wanaouza vitu vya bei ndogo: karanga, mchicha, fungu la dagaa. Sarafu iliyochakaa mno ipelekwe benki. Benki Kuu ina tawi hapa hapa Mwanza, na kuondoa fedha chakavu kwenye mzunguko ni sehemu ya kazi yake.

Wenye vibubu nao nawashauri. Wazee walisema akiba haiozi, lakini wakati wanasema hivyo hawakuwa wameona chuma kilichovaa shaba. Kausha sarafu kabla ya kuzihifadhi. Usiziweke pamoja na chumvi, wala kwenye mfuko uliolowa, wala karibu na betri ya gari inayovuja. Na zikifika kiasi, zipeleke benki au kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Huko hazioti kutu.

Kwa yeyote atakayejiwa na mtu mwenye sarafu ya ajabu, nakumbusha kwa ufupi. Gusa: kilichoinuka kikiwa kizima kinaweza kuwa cha kiwandani, lakini kinachopasuka na kutoa unga au doa ni kutu. Pima kwenye mizani pamoja na nzima ya aina ileile. Sogeza sumaku ujue ndani mna nini. Usisugue. Na ukiona mtu ana kitu cha thamani ya mamilioni lakini anakuuzia wewe kwa laki mbili, jiulize kwa nini yeye hakwenda kuyachukua hayo mamilioni.

Kijana alirudi Ukerewe siku iliyofuata. Senti ya Lincoln aliniachia, akasema niwaonyeshe wengine. Ipo mezani kwangu, na unga mweupe umezidi kutoka. Sarafu ya babu aliifunga tena kwenye karatasi, safari hii karatasi kavu, akaiweka mfuko wa shati wa juu. Shilingi mia nilimbadilishia mimi, nikaitumia kwenye daladala jioni ileile. Konda aliipokea bila kuitazama.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.